Majibu kwa wahasibu: "Mama, nimekwama kwenye vitabu"

Barua za mwezi huu zimelandana mno, nikaona nizijibu kwa mkupuo mmoja. Karibu wote walioandika ni wahasibu, wengi wana CPA, cheti cha uhasibu cha kitaaluma, mkononi, na wanauliza mtu anatokaje kwenye meza ya kupokea risiti akafika kwenye kiti cha mkurugenzi wa fedha. Kwa msomaji mgeni: mimi ni mstaafu. Nilianza kazi Tanga nikiwa karani wa mishahara kwenye shamba la mkonge, nikasoma Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), nikazunguka kwenye uhasibu wa viwanda, na nimestaafu nikiwa mkurugenzi wa fedha wa kiwanda kimoja Dar es Salaam. Wale mlionitumia mizania nzima nzima, yaani hesabu za mali na madeni, ya kampuni mnazofanyia kazi, nimezifuta bila kuzifungua. Hizo ni siri za waajiri wenu, na kama mnazigawa kwa mama msiyemjua, bodi itawaaminije?

*

*Shikamoo mama. Mimi ni mhasibu mkuu kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. CPA nimeipata 2016 na hesabu zangu hazijawahi kukosa hati safi. Mwaka huu nafasi ya meneja wa fedha ilipotokea, wakamleta kijana kutoka benki, hata CPA hana. Wenzangu wanasema kabebwa. Bosi nilipomuuliza aliniambia, "Wewe ni mzuri sana kwenye vitabu." Sijui nimekosa nini.*
*— Mhasibu, Mwanza*

Marahaba mwanangu. Habari za kubebwa ziache kwanza, hazitakusaidia hata kama ni kweli. Nataka tumsikilize bosi wako, maana amekueleza jambo kubwa kwa maneno machache na ya ovyo. Wewe unamweleza fedha zilivyokwenda. Yeye usingizi unampaa kwa sababu ya fedha ambazo bado hazijafika. Kijana wa benki, bila shaka kutoka idara ya mikopo, amekuja kazini akiwa amezoea kuulizwa hilo la pili.

Chukua kiwanda chako chenyewe. Wakala wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, hakopeshi: samaki akishapimwa, fedha inatoka siku hiyo hiyo. Barafu taslimu, mafuta ya boti taslimu. Mnunuzi wa Ulaya yeye analipa siku 60 baada ya kupata ankara, na hapo ndiyo mteja mwema. Tuseme mnanunua samaki wa shilingi milioni 300 kwa wiki. Siku 60 ni kama wiki nane na nusu. Maana yake siku yoyote utakayoamka, zaidi ya bilioni 2.5 za kiwanda ziko barabarani, ndani ya makontena na kwenye maghala ya watu. Fedha hizo lazima zitoke mahali. Kama zinatoka kwenye ovadrafti, mkopo wa kutoa benki zaidi ya salio, ya asilimia 16, riba yake ni zaidi ya milioni 400 kwa mwaka. Sasa fikiria mtu amekaa na wanunuzi akawashawishi walipe siku ya 45. Siku hizo 15 zinarudisha kiwandani karibu milioni 640, na riba inapungua kwa milioni 100 na ushee kila mwaka. Hakuna samaki hata mmoja aliyeongezeka.

Nikuulize: katika miaka yako yote hapo, umewahi kumpelekea bosi hesabu ya namna hiyo? Takwimu zote unazo wewe. Tarehe za ankara unazo, tarehe za malipo unazo, viwango vya riba vimo kwenye taarifa ya benki unayoilinganisha na daftari kila mwisho wa mwezi.

Angalia na VAT. Mauzo ya nje yanatozwa asilimia sifuri, lakini maboksi, umeme na vipuri mnavinunua na VAT yake ya asilimia 18. Kwa hiyo kila mwezi ninyi ndio mnaoidai TRA. Kwenye mizania yako marejesho hayo yamekaa vizuri upande wa mali na mkaguzi ameyatia tiki. Mtu wa fedha akiyatazama anaona mkopo usio na riba ambao kiwanda kimeikopesha serikali, na swali lake ni nyaraka gani inakosekana ili ulipwe. Mara nyingi ni risiti za EFD, ile mashine ya risiti ya kielektroniki, zilizoandikwa jina la kampuni kimakosa, au hati za forodha ambazo wakala hajazileta. Hiyo ni kazi ya uhasibu kabisa, tena ya daraja la chini, na ndiyo inayofungua mamia ya milioni.

Halafu kuna mambo ambayo daftari halina safu yake. Wazee wa Mwanza wanaukumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu ya uvuvi. Viwanda vilivyokuwa na hesabu safi za Desemba vilikuwa na tatizo gani mwezi wa nne? Mnunuzi hayupo, mshahara upo, benki ipo. Bosi aliyeishi hayo, au aliyesimuliwa na baba yake, anataka mtu wa kumwambia: tukifungiwa soko kesho, tunaishi wiki ngapi?

Basi fanya hivi, na usiombe ruhusa ya mtu. Tengeneza karatasi moja, iwe ya Excel. Juu weka wiki 13 zijazo, yaani robo mwaka. Mstari wa kwanza ni salio la benki la Jumatatu asubuhi, lile linaloonekana benki, si la daftari lako. Chini yake weka zitakazoingia, mteja mmoja mmoja kwa jina lake. Usiniandikie "wadaiwa" kwa jumla, wadaiwa kwa jumla hawajawahi kulipa. Kisha zitakazotoka: samaki, mishahara, PAYE (kodi ya mishahara) ya tarehe 7, umeme, rejesho la mkopo, na ile kodi ya makadirio inayokuja mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba na kila mara inawashtua watu kana kwamba haikujulikana. Mstari wa mwisho ni salio la Ijumaa. Wiki ambayo salio linakwenda chini ya sifuri, ipake rangi nyekundu.

Kila Jumatatu linganisha ulichokisia na kilichotokea, kisha sogeza karatasi wiki moja mbele. Wiki za mwanzo utakosea, ni kawaida. Lakini ukishafika wiki ya saba au ya nane utakuwa unajua vitu ambavyo hakuna mwingine kiwandani anavijua: mteja yupi anasema "Ijumaa" akimaanisha Ijumaa ya wiki ijayo, ni mwezi gani samaki wanaadimika na bei inaruka, ni wiki ipi rejesho la mkopo linagongana na mishahara. Karatasi hiyo mpelekee bosi saa mbili asubuhi, bila maelezo marefu. Mwandikie sentensi moja tu: "Wiki ya tisa tutapungukiwa milioni 180, napendekeza tuwabane wanunuzi wawili wafuatao."

Na shuka kiwandani. Ujue kilo ngapi za samaki mzima zinatoa kilo moja ya minofu, na kwa nini zamu ya usiku inatoa pungufu ya zamu ya mchana. Kijana wa benki anaijua benki, samaki hamjui. Kaa naye. Mfundishe mizania yenu, akufundishe kusoma mkataba wa mkopo. Mkinuniana, atakayefaidi ni mtu wa tatu atakayeletwa juu yenu wote wawili.

*

*Shikamoo mama yetu. Nipo mwaka wa tatu Mzumbe, nasoma uhasibu. Kaka yangu ni mhandisi na kila tukikutana ananiambia sisi ni watunza daftari tu, kwamba kiti cha juu ni cha watu wa mauzo na wahandisi. Ni kweli?*
*— Mwanafunzi, Morogoro*

Marahaba. Mwambie kaka yako atazame mitaa ya benki kubwa. Ruth Zaipuna wa NMB ni CPA. Alipitia kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya PwC, akawa ofisa mkuu wa fedha, na mwaka 2020 akashika usukani wa benki nzima, mwanamke wa kwanza kukaa kwenye kiti hicho pale. Miaka miwili baadaye benki hiyo ikatoa hati fungani, yaani ikawakopa wawekezaji kwa riba, iliyoitwa Jasiri, kwa ajili ya mikopo ya biashara za wanawake. Walitafuta shilingi bilioni 25, zikaja zaidi ya 74.

Kenya kuna James Mwangi wa Equity. Mwaka 1993 Equity haikuwa benki, ilikuwa taasisi ndogo ya mikopo ya nyumba ambayo hasara zilikuwa zimeumeza mtaji wake wote. Mwangi, mhasibu kwa taaluma, aliingia kama mkurugenzi wa fedha. Mwisho wa 2004 ikawa benki kamili, na 2006 ikaingia Soko la Hisa la Nairobi yeye akiwa mtendaji mkuu.

Lakini mimi mfano ninaoupenda zaidi hauna bosi wa kwenye mabango. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ilikwenda sokoni kuomba shilingi bilioni 53.12 kwa hati fungani ya kijani (ya miradi inayojali mazingira) ya miaka kumi, riba asilimia 13.5, na watu wakaleta zaidi ya zilizoombwa. Mamlaka ya maji! Piga hesabu ya riba peke yake: zaidi ya bilioni 7 kwa mwaka, zitokane na ankara za maji za wakazi wa Ngamiani, Chumbageni na kwingineko. Ili mwekezaji akubali hilo, lazima kuna wahasibu walikaa wakaonesha maji mangapi yanapotea njiani, wateja wangapi hawalipi, na ikitokea mabomba yamepasuka mwaka wa sita riba italipwa na nini. Wamepitia mikononi mwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, wameulizwa maswali ya kuchosha, wamejibu. Mimi niliyekulia kwenye mji ule nikichota maji ya foleni, habari hiyo niliisoma nimesimama.

Kaka yako anajua kutengeneza bomba. Fedha za kulinunua zinatafutwa na watu wa darasa lenu.

*

*Dada, salaam. CPA ninayo na ninafanya kazi Arusha kwenye kampuni ya utalii. Nina akiba inayotosha kusomea kitu kimoja tu. Nichukue MBA, ACCA au CFA ili nipande?*
*— N., Arusha*

Asante kwa kuniita dada, umenipunguzia miaka.

ACCA, cheti cha uhasibu cha Waingereza, achana nayo kama huna mpango wa kufanya kazi nje. Sehemu kubwa utakuwa unarudia uliyokwisha kufanyia mtihani wa NBAA, bodi yetu ya wahasibu. CFA ni mitihani ya ngazi tatu, migumu, na inamfaa anayetaka kuchambua hisa na hati fungani: mifuko ya pensheni, kampuni za uwekezaji, madalali wa soko la hisa. Kwenye kampuni ya utalii utaishia kuitundika ukutani. MBA ni nzuri kwa mtu ambaye tayari anaongoza watu na anataka kuona wengine wanaongozaje. Kwa mtu ambaye hajawahi kuongoza hata karani mmoja ni kiingilio cha harusi asiyoalikwa.

Ningekuwa wewe akiba ningeiacha benki kwa mwaka mmoja. Mwombe bosi akupe jambo moja ambalo hakuna anayelitaka: bima ya magari, mkataba wa mkopo wa magari mapya, au mazungumzo na mawakala wa Ulaya wanaolipa kwa kuchelewa. Ukilimaliza, utakuwa unajua ni elimu gani inakupungukia, na huenda ikawa sheria ya mikataba, ambayo hata hukuitaja.

*

*Shikamoo mama. Naomba usitaje jina wala mji. Mimi ni meneja wa fedha. Benki iliyotukopesha inataka kila mwisho wa mwaka fedha za uendeshaji ziwe angalau mara 1.2 ya rejesho na riba ya mwaka. Mwaka huu tutafika 1.05. Mkurugenzi ananiambia nichukue ankara za wiki mbili za kwanza za Januari nizitoe Desemba, "ni mambo ya tarehe tu, wateja ni wa kweli na mzigo ni wa kweli." Ananisisitiza kila siku. Nina watoto wanasoma.*
*— Jina kapuni*

Marahaba, na pole. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja kabla ya kugusa kalamu.

Nianze na hesabu, maana mkurugenzi wako anaonekana hajaifanya. Kwanza, sharti lenu linapima fedha za uendeshaji. Ankara ya Desemba ambayo mteja atailipa Februari haileti hata senti moja Desemba. Kama mkataba wenu unapima kwa fedha halisi, ujanja huo hautafikia hata shabaha yake. Usome upya mkataba, ukurasa wa tafsiri ya maneno, kabla hujajibu lolote. Nimeona watu wakihangaika kupika namba ambayo benki haiitazami kabisa.

Pili, ukitoa ankara ya EFD Desemba, VAT yake inadaiwa ifikapo tarehe 20 Januari. Kwa mauzo ya bilioni moja ni milioni 180, taslimu, mwezi mmoja kabla ya wakati wake, kutoka kampuni ambayo tatizo lake ni uhaba wa fedha. Na faida itakayoonekana inaingia kwenye kodi ya mapato ya asilimia 30. Mnataka kuipa benki uongo huku mnaulipia kodi ya kweli.

Tatu, mkaguzi. Jambo la kwanza anafunzwa akiwa bado mdogo ni kuchukua ankara za siku za mwisho za Desemba na kuziwekea pembeni hati za mteja kupokea mzigo. Kanuni za kimataifa za uhasibu, ile IFRS namba 15 inayotumika tangu 2018, zinakutaka uandike mapato pale mteja anapokuwa na mamlaka juu ya bidhaa. Mzigo uliosainiwa na mlinzi wa mteja tarehe 9 Januari ni wa Januari. Hapo ndipo hati yako safi inapokwenda, na jina lililosainiwa kwenye hesabu litakuwa lako, mwanachama wa NBAA.

Sasa njia halali, na hii ndiyo sababu nimeamua kuijibu barua yako hapa gazetini badala ya faragha, maana mameneja wengi hawaijui. Kanuni ya kimataifa ya IAS namba 1 inasema ukivunja sharti la mkopo kufikia tarehe ya kufunga hesabu, na benki ikawa na haki ya kudai fedha zake papo hapo, mkopo wote unahamia kwenye madeni ya muda mfupi, hata kama umebakiza miaka minne ya kulipa. Mizania inageuka sura usiku mmoja, na wasambazaji wanaoisoma wanaanza kudai taslimu. Kinachookoa ni barua ya benki ya kulegeza sharti, inayowapa angalau miezi 12 baada ya mwaka kufungwa, na iwe mkononi *kabla* ya tarehe 31 Desemba. Ikitoka Januari, hata ikiwa nzuri namna gani, haibadilishi mizania ya mwaka uliopita. Ndiyo maana mameneja wanaosubiri hesabu zikaguliwe kwanza ndipo waende benki huwa wamechelewa kwa miezi mitatu.

Kwa hiyo nenda sasa. Nenda na mkurugenzi, msiandike barua tu. Bebeni makadirio yanayoonesha 1.05, sababu yake, na mwaka ujao mtarudi vipi juu ya 1.2. Ombeni sharti lishushwe kuwa 1.0 kwa mwaka huu. Benki itataka kitu: ada kidogo, pengine riba ipande, pengine mzuie gawio mwaka huu. Hili la gawio ndilo litakalomuuma mkurugenzi, na mimi nahisi ndicho chanzo cha presha anayokupa. Ofisa wa mikopo anayeletewa habari mbaya mwezi wa kumi na moja anaweza kuipeleka kwenye kamati yake akiwa na pendekezo. Anayeigundua mwezi wa nne anatafuta wa kumtupia lawama.

Umesema mkurugenzi anasema ni mambo ya tarehe tu. Kampuni ya simu ya WorldCom ya Marekani nayo ilianza na mambo ya safu tu. Gharama za kukodi laini za simu, matumizi ya kila siku kabisa, zilihamishwa zikaandikwa kama mali. Mwaka 2002 wakaguzi wa ndani chini ya Cynthia Cooper walipozifukua zilikuwa dola bilioni 3.8, na zilizidi baadaye. Mkurugenzi wa fedha, Scott Sullivan, mhasibu kama wewe na mimi, alihukumiwa kifungo cha miaka mitano mwaka 2005. Na chini yake walikuwapo wahasibu walioingiza zile namba kwa kuagizwa, watu wenye watoto wanaosoma, nao walifikishwa mahakamani.

Mkurugenzi akikataa kwenda benki, mwandikie baruapepe fupi na ya adabu: umependekeza kuomba ulegezwaji wa sharti kabla ya Desemba, na hutaweza kuandika mapato ya mzigo usiopokelewa. Nakala ibaki kwako. Kisha mwombe mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi ya bodi dakika kumi. Kama kampuni haina kamati hiyo wala bodi inayokutana, basi anza kutafuta kazi nyingine kimya kimya, huku ukiendelea kufunga hesabu kwa tarehe zake.

*

*Hujambo mama. Mimi ni mkaguzi wa hesabu Nairobi, mwaka wa nne katika moja ya zile kampuni kubwa nne za ukaguzi. CPA(K) nimemaliza. Kampuni mojawapo tunayoikagua inanitaka niende kusimamia idara yao ya fedha, na mshahara ni karibu mara mbili. Niende ama nisubiri niwe meneja hapa?*
*— Mkaguzi, Nairobi*

Sijambo mwanangu. Kabla ya mshahara: umewaambia wakubwa zako kwamba mteja anakutaka? Maadili ya taaluma yetu yanataka mkaguzi aitaarifu kampuni yake mara tu mazungumzo ya ajira na mteja anayemkagua yanapoanza, ili aondolewe kwenye kazi ile. Kama bado unakagua hesabu zao huku mnajadili mshahara, weka gazeti chini ukaandike hiyo barua. Tutaendelea ukirudi.

Haya. Mimi naegemea upande wa kwenda. Miaka minne ya ukaguzi imekuonesha kampuni nyingi kwa ndani, jambo ambalo mhasibu wa kiwandani halipati maisha yake yote. Ukikaa mitano zaidi utajifunza kusimamia wakaguzi. Ambacho huwezi kukijifunza hapo ulipo ni Alhamisi ya tarehe 28 ambayo mishahara ni kesho na benki ina nusu yake. Mkaguzi anaikuta hadithi hiyo imeshakwisha, imewekwa kwenye faili.

Ila usiende kwa macho ya mshahara. Kwenye usaili waulize: mikopo yenu ina masharti gani, na lini mara ya mwisho mlikaribia kuyavunja? Nani anaidhinisha malipo mkurugenzi akisafiri? Aliyekuwa kwenye kiti hiki kaenda wapi, na ninaweza kuzungumza naye? Mwenye kampuni akianza kuzunguka kwenye swali hilo la mwisho, umeshajua mshahara ni mara mbili kwa sababu gani.

*

*Mama, nina miaka 47, mhasibu wa halmashauri. Nimechelewa?*
*— Korogwe*

Kwa kiti cha ukurugenzi wa fedha wa kampuni binafsi, kusema kweli safari ni ndefu, maana hesabu za serikali zinakwenda kwa vifungu vya bajeti na kampuni inakwenda kwa fedha iliyopo. Lakini mamlaka za maji, vyama vya ushirika na SACCOS kubwa vinahitaji sana mtu anayezijua taratibu za manunuzi na asiyeogopa mkaguzi. Anzia hapo.

*

*Assalaam alaykum mama. Nipo Muscat, mwaka wa tisa sasa, mhasibu wa kampuni ya ujenzi. Nataka kurudi nyumbani Unguja, na kuna hoteli ya Nungwi inatafuta mkuu wa fedha. Uzoefu wa ujenzi utanisaidia hotelini?*
*— Mzanzibari, Muscat*

Waalaykum salaam. Utakusaidia, lakini itabidi uugeuze ndani nje. Kwenye ujenzi unatangulia kutumia: saruji, nondo na vibarua kwanza, malipo baada ya mhandisi kusaini cheti, na bado mteja anazuia asilimia kadhaa hadi muda wa uangalizi uishe. Umezoea kuishi na upungufu, kwa hiyo una adabu ya fedha.

Hoteli ni kinyume. Wakala wa Italia anatuma amana mwezi wa pili kwa wageni wa Julai. Akaunti inajaa wakati vyumba viko tupu, na hapo ndipo wakuu wa fedha wengi wanapopotea, kwa sababu bosi anaona salio na kuanza kuzungumzia bwawa la pili la kuogelea. Fedha ile bado ni deni. Mgeni hajalala, hajala, na anaweza kuidai. Machi 2020 ndege ziliposimama kwa sababu ya Uviko, mawakala waliomba amana zao zirudi kwa wakati mmoja, na hoteli zilizokuwa zimeshazijengea ukuta hazikuwa na cha kurudisha.

Ukipata kiti hicho, amana zifungulie akaunti yake, na iwe marufuku kuigusa hadi mgeni asaini pale mapokezi. Utapigiwa kelele mwezi mzima, halafu watazoea.

Kwenye usaili waulize swali moja kabla ya kuzungumzia nyumba na tiketi za familia. Masika hoteli nyingi za pwani zinafunga au zinabaki na wageni wa kuhesabu, lakini wafanyakazi wengi wana mikataba ya mwaka. Waulize: mishahara ya mwezi wa tano mnailipa kwa fedha zipi? Wakikuambia akiba ya msimu uliopita, zungumza nao. Wakikuambia amana za Julai, waombe wakuoneshe orodha ya amana zote pamoja na taarifa ya benki ya siku hiyo hiyo, uzijumlishe mwenyewe, ndipo uamue kama unaacha kazi Muscat.